Mama Soksi na Dirisha la Adams

Mimi huuza mapazia ya mitumba pale Kawangware, Nairobi, na kila daktari niliyewahi kumwona amenikasirikia kwa sababu hiyo. Ati vumbi. Ati mama, acha kukung'uta mapazia. Sasa nikiacha kukung'uta mapazia nitakung'uta nini, mifuko mitupu? Mteja lazima aone urefu wa pazia, na pazia halionekani urefu mpaka litikiswe, na likitikiswa, vumbi la nyumba za watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, linanipanda puani. Naanza kupiga chafya. Chafya zikiisha, kifua kinaanza kupiga filimbi. Wenzangu sokoni wakiisikia huniambia, "Namalwa, leo umekuja na kwaya."

Waseme yote lakini si hilo la kwaya. Mimi ni mwimbaji. Kwetu Webuye nilikuwa nikianzisha wimbo harusini, watu wanaacha nyama kwenye sahani. Sijivuni, uliza mtu yeyote wa rika langu. Na mwaka huu ndio nilikuwa na haja na sauti yangu kuliko mwaka mwingine wowote, kwa sababu Lenox alikuwa amepata mchumba.

Lenox ni mtoto wa marehemu kakangu Were. Mama yake alitangulia, Were akafuata, na mimi nikamlea hapa Kabiria kwa hayo hayo mapazia. Ananiita senge, yaani shangazi, lakini shuleni mzazi aliyeitwa ni mimi, hospitalini ni mimi, na siku aliyovunja kioo cha jirani ni mimi tena. Mchumba wake anaitwa Becky, msichana mpole asiyejua kukaa jikoni bila kuosha kitu. Wazazi wake ni Wakikuyu wa Mountain View, watu waliokuwa hapo tangu kukiwa mashamba.

Na Wakikuyu wana jambo lao. Ukienda kupeleka mahari, siku wanayoiita ruracio, unakuta geti limefungwa. Si kwamba hawajui mnakuja. Harufu ya mbuzi wao inawapokea barabarani. Limefungwa makusudi, ili akina mama wa upande wa kijana waimbe wakiwa nje, na akina mama wa upande wa msichana wawajibu wakiwa ndani, mpaka wa ndani watosheke. Mkiimba vibaya mtasimama juani. Mkiimba vibaya sana, mtasimuliwa hadi wajukuu wenu waoe. Anayeongoza wimbo nje ya geti ni mama ya kijana, na Lenox alikuwa na mama mmoja tu wa kusimama hapo.

Kama si mimi, angesimama Ivyne, mke wa mdogo wangu. Ivyne ni mtu mzuri na chapati zake ni laini. Lakini Ivyne akiimba hata wimbo wa harusi, unaanza kutafuta jeneza liko upande gani.

Tena Ivyne alikuwa amekwisha kuonja ukubwa. Mwezi wa Agosti, wazee wetu walipokwenda Mountain View kujitambulisha, kifua kilinifunga asubuhi hiyo hiyo. Nilibaki kitandani na pampu yangu ya buluu, ile ya kuvuta dawa kwa mdomo, Ivyne akaenda kwa niaba yangu. Alirudi anasifu chai. Nilimwomba anionyeshe wakwe zangu kwenye simu. Alikuwa amepiga picha nyingi, zote za chakula.

"Wewe dada pumzika tu," aliniambia. "Hata siku ya geti, mimi niko."

Hayo maneno yalinikera mpaka nikalala njaa.

Basi nikaanza kutafuta dawa. Nilijifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi mpaka mwenye nyumba akabisha kuuliza kama naunguza godoro. Nilikula vitunguu saumu na asali, wateja wakawa wananiuliza bei wakiwa ng'ambo ya barabara. Na mukombero sikuacha, ule mzizi wetu mtamu wa kutafuna. Mzee wa kwetu atakuambia mukombero unafungua kila kilichofungwa mwilini. Mimi nilitaka ufungue kifua tu. Nafuu nilipata, siwezi kusema uongo. Lakini nikipanda ngazi, filimbi ilikuwa pale pale.

Jioni moja Lenox akaja na maneno yake. "Senge, kuna darasa la yoga pale Adams, juu ya duka la viatu. Ni la watu wa pumzi. Becky anasema inasaidia. Ni kunyoosha mwili na kupumua tu."

"Kupumua nimepumua tangu nizaliwe, na sikufundishwa na mtu."

"Ndiyo," akasema, "na ona venye unapumua."

Nilimuuliza kama kuna kusujudia sanamu. Akasema kuna mikeka tu. Nikamwambia nitakwenda Jumamosi moja, nione, nirudi nimwambie ni upuuzi.

Nilitarajia ubani na vikengele. Nikamkuta msichana anaitwa Stacy, mwembamba, mwenye sauti ya kulaza watoto. Anawajua vizuri wanawake wa Nairobi, maana alianza na sala. Wanafunzi wake karibu wote ni akina mama wa makanisa, kila mmoja na kifua chake. Mikao pia aliipa majina ya nyumbani. Kuna wa paka, kuna wa ng'ombe, kuna wa mbwa anayejinyoosha akiamka.

Mimi nilitandika mkeka wangu chini ya dirisha, nikalifungua kidogo, nikaketi. Mkono ukapita juu ya kichwa changu ukalifunga.

Niligeuka. Alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, mnene kunishinda kidogo, ana sweta, ana kitambaa kichwani, na miguuni, ndani ya chumba, amevaa soksi za sufu za kijivu zenye mstari mwekundu, zimepanda hadi karibu na goti.

"Baridi," alisema.

"Hewa," nilisema, nikalifungua.

"Baridi ya asubuhi ikiingia mgongoni haitoki." Akalifunga.

"Mama, hapa ni kwa watu wa pumzi. Wewe pumzi yako inaingilia wapi, kwa soksi?"

Darasa likacheka, na tangu hapo nikamwita Mama Soksi. Yeye aliponiona natafuna mukombero wakati wa mapumziko, akaniita Mama Mizizi. Jina lake halisi sikuuliza na langu hakuliuliza. Mtu unayegombana naye dirisha humuulizi jina.

Kila Jumamosi ikawa ni hivyo. Nafungua, anafunga. Stacy anasema tusikilize pumzi zetu, na mimi nasikiliza bawaba za dirisha. Mama Soksi alikuwa anajipaka kifuani dawa fulani kali ya kuchua, harufu yake ikinifikia napiga chafya. Nami nikitafuna mzizi wangu, yeye anapiga chafya, na baada ya kila chafya anasema "Ngai", yaani Mungu, polepole, kama anayenishtaki. Nilianza kufika mapema kumuwahi dirishani. Naye akaanza kufika mapema. Mwishowe tukawa tunakutana chini ya ngazi kabla duka la viatu halijafunguliwa, tumesimama hatusalimiani, tunamsubiri Stacy na funguo.

Sasa ule mkao wa mbwa niueleze, kwa sababu utanirudia mbele. Unaweka viganja chini na nyayo chini, halafu makalio yanakwenda juu kabisa, yanaangalia dari. Chumba chenyewe ni kidogo. Mimi nikiwa mbwa, uso wangu uko jirani na makalio ya Mama Soksi. Tukigeuka upande wa pili, yeye ndiye jirani na yangu.

"Mama Mizizi," aliniambia siku moja, kichwa chini, "hiyo suruali yako mshono unalia."

"Yako ilishamaliza kulia," nikamjibu. "Sasa inaomboleza."

Stacy akatuomba tupumue.

Tulikubaliana mara moja tu. Stacy alileta mkao wa nyoka, wa kulala kifudifudi na kuinua kifua. Mama Soksi akaketi, akasema yeye kujifanya nyoka hawezi, anakumbuka vizuri ya bustani ya Edeni. Nikasema kwa hilo namuunga mkono. Stacy alifikiri kidogo, akasema basi utakuwa mjusi. Tukalala tukawa mijusi, na dirisha siku hiyo likakaa nusu.

Lakini haki yake nimpe Stacy. Kile kitu kilifanya kazi. Alinifundisha kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta, na tumbo lifanye kazi badala ya mabega. Aliniambia mapazia niyatikisie nje ya kibanda, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa usoni. Daktari alikuwa amesema hivyo hivyo miaka yote. Ila Stacy alilisema akiwa amesimama kwa kichwa, likaniingia. Kufika mwezi wa Novemba nilikuwa naweza kuimba ubeti mzima nikikunja mapazia, na wenzangu sokoni wakanyamaza wasikilize. Nilimwambia Ivyne asijisumbue tena.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ruracio, nilipanda zile ngazi mbio ili nimshinde Mama Soksi dirishani. Nikamshinda, na filimbi ikaanza. Nilisimama nimeshika ukuta, navuta hewa, haingii.

"Toa kwanza," nikamsikia nyuma yangu. "Usivute. Toa. Kifua kimejaa, hiyo nyingine utaiweka wapi?"

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Toa."

Nilitoa, kwa hasira, na ikasaidia, jambo lililoniongezea hasira. Mama Soksi akaketi kwenye mkeka, akaingiza mkono ndani ya soksi ya kulia, akachomoa pampu ya buluu kama yangu.

"Hizi soksi unazozicheka zina kazi," alisema. "Mimi hata chooni siendi bila hii. Yako iko wapi?"

"Mimi natumia mizizi na yoga. Nimepona."

"Hatuponi," akasema. "Tunapata nafuu. Muulize Stacy."

Stacy akasema ni kweli, yoga na majani ni vya kusaidia, pampu ni ya kubeba. Nilifungua dirisha kwa nguvu nikaangalia magari ya Ngong Road mpaka sala ikaanza.

Siku ya ruracio nilivaa kitenge kipya cha kijani na mkoba wake wa rangi hiyo hiyo, kidogo, wa kushika kwa vidole. Lenox alipokuja kunichukua aliuliza swali moja tu: "Senge, umebeba pampu?" Nikamwambia iko mkobani. Ilikuwa mkobani kweli, ila ule mkoba mkubwa mweusi, na mkoba mkubwa mweusi ulikuwa nyumbani umening'inia mlangoni. Ule wa kijani ulitosha leso na mukombero.

Tulifika Mountain View saa nne. Geti lilikuwa refu, la bati zito, jeusi, lisiloonyesha ndani, isipokuwa uwazi mdogo chini karibu na lami. Walikuwa wamelipamba kwa maua ya lili, mengi, yale yenye unga wa njano katikati. Nyuma yake moshi wa kuni ulikuwa unapanda, maana mbuzi alikuwa ameanza mapema. Na Ivyne, aliyekuja kunisimamia begani, alikuwa amejimwagia marashi chupa nzima. Niliona yote hayo nikayapuuza. Niliangalia nyuma, nikamwona Lenox amesimama kati ya wazee, amevaa suti ya kukopa yenye mikono mirefu kidogo, ananitazama jinsi alivyokuwa akinitazama shuleni siku ya wazazi. Nikajiambia, Were, kama unaona, ona.

Nikaanzisha wimbo.

Na niliimba, jamani. Nilianza kwa Kibukusu chetu, nikageuza kwa Kiswahili ili wa ndani wasiseme hawakusikia. Nikawaambia tumetoka mbali, vumbi la njia liko miguuni, tumemleta kijana asiyejua kulala kwa ajili ya ua lililoko uani kwao. Akina mama wa kwetu wakaitikia. Sauti moja nene ikajibu kutoka ndani kwamba geti lao halijui majina yetu, na ua lao halichumwi na watu waliochelewa. Wenzake wakapiga vigelegele. Ilikuwa sauti nzuri, nikakubali moyoni. Nikajibu. Akajibu. Nikapanda juu zaidi kumwonyesha mimi ni nani, nikavuta pumzi ya ubeti wa tatu, na pumzi ikaja na lili, na moshi, na Ivyne.

Nilipiga chafya mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Nilipotaka kurudi kwenye wimbo, wimbo haukuwapo. Filimbi ilikuwa imekuja yenyewe, kali, inasikika kuliko nilivyoimba. Nilivuta, haikuingia. Nikavuta tena. Nilifungua mkoba wa kijani nikaona mukombero. Nyuma yangu nikamsikia Ivyne anakohoa kusafisha koo, akae tayari, na nikajua kinachokuja. Niliogopa kufa, ndiyo, lakini kabla ya hapo niliona aibu. Nilikuwa nimemwahidi mtoto kitu kimoja.

Niliinama, mikono magotini, uso karibu na lami. Na kwa ule uwazi wa chini ya geti nikaona miguu ya akina mama wa ndani. Viatu vya kung'aa, viatu vya kung'aa, ndara za ngozi, na katikati, chini ya gauni refu la hariri, soksi za sufu za kijivu zenye mstari mwekundu.

Upande wa ndani wimbo ukakatika.

"Hiyo filimbi naijua," sauti nene ikasema. Halafu chini zaidi, karibu na bati: "Mama Mizizi?"

Sikuwa na pumzi ya kujibu.

"Toa kwanza," alisema. "Usivute. Toa yote. Haya, tena. Pampu iko wapi?"

Nilitikisa kichwa, ingawa hangeweza kuona.

Mtu mmoja ndani akasema kwa Kikuyu jambo la ukali, na mwingine akasema, "Mama Becky, bado, bado hawajamaliza." Komeo likalia. Mwanamke ambaye miezi yote hiyo hakukubali nifungue dirisha hata kidole kimoja, alinifungulia geti zima. Alitoka nje peke yake, akainama na gauni lake la hariri palepale kwenye lami, akachomoa pampu kwenye soksi, akaipangusa mdomo kwa leso yake, akaniwekea mkononi.

Nilivuta dawa. Akanishika mgongo tukatoa pumzi pamoja, tukangoja, nikavuta tena. Mtu alileta kiti cha plastiki. Polepole filimbi ikashuka, nikaanza kusikia vitu vingine, na kitu cha kwanza nilichosikia ni Ivyne anapiga vigelegele.

"Wamefungua!" alikuwa anasema. "Tumeingia bila jasho!"

Cha pili nilichosikia ni akina mama wa ndani. Walikuwa wamesimama kwenye geti lililo wazi wamekunja mikono. Mmoja aliyevaa miwani akasema kwa Kiswahili, nadhani ili sisi pia tuelewe, kwamba hajawahi kuona mama anayemtoa binti yake kabla wimbo haujaisha, kama anayetoa kuku mgonjwa.  Mama Soksi alikuwa ananikunjia kitambaa changu cha kichwa.

"Senge," Lenox akasema, amechuchumaa mbele yangu, macho yana maji. "Senge, huyu ndiye Mama Becky."

"Nimeshaona."

"Becky aliniambia mamake huenda yoga Jumatano. Sikukuambia kwa sababu ungekataa kwenda."

"Jumatano iliingiliana na kikundi cha kanisa," Mama Soksi akasema, "nikahamia Jumamosi."

Hapo ndipo akili yangu ilipofika mwisho wa hesabu. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima ya mbali. Mkwe hamchekani ovyo, hamkai mkigusana, ukimwona njiani unarekebisha nguo. Na mimi mkwe wangu nilikuwa nimemwambia suruali yake inaomboleza. Mkwe wangu alikuwa ameyaangalia makalio yangu, karibu, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilimtazama usoni nikaona naye hesabu imemfikia. Alifunga macho kidogo.

"Ngai," alisema, na safari hii hakuwa amepiga chafya.

Ningeweza kuingia. Geti lilikuwa wazi, mbuzi alikuwa tayari, wazee wetu walikuwa wameanza kusogea na zawadi. Lakini nilimwona yule wa miwani akimnong'oneza mwenzake, na nikaona Mama Becky amewapa mgongo wake mpana ili asiwaone. Aliaibika kwao kwa ajili yangu. Kesho kanisani wangemsema, na kesho kutwa. Nikasimama.

"Fungeni hilo geti," nikasema. "Mimi sijamaliza kuimba."

"Senge, hapana," Lenox akasema. "Tafadhali. Inatosha."

"Hujui kinachotosha, wewe ni bwana harusi. Ondoeni hayo maua. Na Ivyne, mpenzi wangu, kaa nyuma kabisa, kule kwa gari."

Mama Becky alinitazama kuanzia juu hadi chini, kama Stacy anavyotazama mgongo wa mtu. "Utaweza?"

"Nitatoa kwanza."

Akanirudishia pampu aliyokuwa ameichukua. "Kaa nayo. Mimi nina nyingine soksi ya kushoto." Akageuka, akaingia, na komeo likalia tena. Nikamsikia anawaambia wenzake kwa sauti iliyowanyoosha kwamba mgeni alipaliwa, na sasa shughuli inaendelea, na yeyote aliyechoka aende akakate vitunguu.

Niliimba kwa pumzi ya tumbo. Sikupanda juu. Nilikaa chini, mahali sauti yangu inapokaa yenyewe, nikamwimbia kijana aliyekuja kwangu akiwa na begi moja na kikohozi, nikasema nani alimwosha, nani alimpeleka shule, nikamtaja baba yake kwa jina. Sikuwa nimepanga hayo. Akina mama wa kwetu waliitikia kwa sauti ndogo, wengine wakijifuta macho. Na Mama Becky hakunihurumia hata kidogo. Kila ubeti aliujibu. Aliuliza kijana anajua kupika, aliuliza senge wake ana mdomo mchafu au ni uvumi tu. Alituweka juani mpaka wazee wakavua makoti. Geti lilipofunguka mara ya pili, lilifunguka kwa vigelegele vya pande zote, na yule wa miwani ndiye aliyevuta upande mmoja.

Ndani, msemaji wao alisimama kututambulisha. Aliponifikia mimi na Mama Becky alisema kwamba siku hii ni ya furaha, kwa kuwa mama hawa wawili wanaonana kwa mara ya kwanza. Tulipeana mikono kwa vidole, kwa adabu zote, kila mmoja ameangalia pembeni.

"Nimefurahi kukufahamu, mama," nikasema.

"Mimi pia, mama," akasema. "Tumesikia mengi mazuri juu yako."

Tulikalishwa pamoja. Wanaume wakaanza mazungumzo yao marefu ya mbuzi. Mama Becky alikula kidogo, halafu, bila kugeuza kichwa, akaniongelesha kwa sauti ya chini.

"Ulisema nini kuhusu pampu yako?"

"Iko nyumbani. Kwenye mkoba mweusi."

"Nimesikiliza ulivyoimba," alisema. "Huyo kijana hana mama mwingine. Na sasa msichana wangu anaingia nyumba hiyo, atakuwa na mtoto siku moja, na huyo mtoto atakuwa na nyanya wawili. Mimi sitaki kubaki peke yangu kwenye hiyo kazi. Umenielewa, Mama Mizizi?"

 Machozi yalinitoka juu ya sahani ya mukimo wa watu.

"Nimeelewa," nikasema.

"Na ile suruali umeishona?"

"Bado."

"Basi ishone. Mimi sasa ni mkwe wako, siwezi kuendelea kuona mambo kama yale."

Jumamosi iliyofuata nilifika Adams nikamkuta amenitangulia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, sweta, kitambaa, kila kitu, na wa kwangu ameshanitandikia chini ya dirisha. Hakusalimia. Alinirushia kitu kikanigonga kifuani: soksi mbili za sufu, za kijivu, mstari mwekundu, mpya, amezifuma mwenyewe. Nilizivaa. Pampu yangu nikaiweka kwenye ile ya kulia, ikakaa vizuri kabisa, nikaipapasa kuhakikisha.

Halafu nikainuka nikafungua dirisha.